Mama Mkwe Aliyefunua Blanketi Langu

Mama,

Naanza bila kuzunguka, kwa maana ulipokuwa hai sikuwahi kukuita hivyo nikikutazama usoni. Nilikuita nikitazama mlango, au nikitazama viatu vyangu, na mara nyingi sikukuita kabisa, nilikohoa tu ili ujue kwamba napita. Leo nimekaa nyuma ya gereji yangu hapa Kasongo, vijana wamekwenda kula, na nimefikiri kwamba karatasi haina macho. Desturi ya kwenu inamkataza mkwe kumtazama mama mkwe wake na kumwambia maneno marefu, lakini juu ya karatasi sijasikia mzee yeyote akisema neno. Hata hivyo nimemwuliza binti yako Esperansi kama ni kosa mimi kukuandikia. Akanitazama kwanza, akaendelea kuchambua mchele, kisha akasema, "Andika tu. Mama atakusoma na ile miwani yake ya mukono moja." Nikaona nimepata ruhusa.

Nikupe habari za nyumbani. Matanga yalikwisha vizuri. Watu wa kanisa lako waliimba mpaka sauti zikakauka, na ndugu zangu Waislamu wa mjini walikuja kwa wingi, wakakaa upande wao wakakuombea kwa namna yao. Shamba lako la karanga huko Lusangi halijawa pori. Esperansi alikwenda mwenyewe na jembe, akarudi na malengelenge mikononi na hasira kidogo, akasema hajui ulikuwa unaipata wapi nguvu. Mjukuu wako Zawadi analala kwenye mkeka wako kila anapokwenda huko, na hakuna aliyemkataza. Kuku wako wamekuwa wakorofi. Wanaingia mpaka chumbani.

Siku tuliyokuzika wengi walisimama kukusema. Mtoto wako mkubwa Benuwa alisimama, katekista alisimama, na mama mmoja wa soko alieleza jinsi ulivyomnyonyesha mtoto wake yeye mwenyewe alipokuwa anaumwa. Mimi nilikuwa mahali pa wakwe, nyuma, kwenye kuni na maji. Mkwe kazi yake msibani ni kupasua kuni na kuchimba, si kuhutubia, na nilipasua kweli, nadhani hata Benuwa alishangaa. Lakini jambo lile kubwa ulilonifanyia hakuna aliyelitaja, kwa kuwa waliolijua waliona haya na wengine hawakulijua. Hakuna aliyesema kwamba mkono huu wa kulia, ninaokuandikia sasa, ungekuwa umekwenda kama si wewe. Nimeishi na neno hilo kooni tangu siku ile, na ndiyo maana naandika.

Ulikuwa mwaka aliozaliwa Zawadi. Esperansi alikuwa amekuja kujifungulia kwako, kama mnavyofanya kwa mtoto wa kwanza, nami nilibaki Salamabila nikitengeneza pikipiki za wale wanaobeba watu na mizigo kwenda machimboni. Kazi ilikuwa nyingi, na mimi nilikuwa kijana niliyejisifu kwamba naweza kujua ugonjwa wa injini kwa kusikiliza tu mlio wake. Homa ilinikamata nikacheka. Niliendelea kufunga na kufungua spana mpaka nikaanguka juu ya tairi. Wenzangu wakanipandisha moto, ndiyo pikipiki, mmoja akiendesha, mwingine akinishikilia kwa nyuma nisidondoke, wakanishusha kwenye kituo cha afya kilicho karibu na kwenu, kwani ndicho kilichokuwa njiani na walijua mke wangu yuko huko.

Sasa tazama ilivyokuwa. Esperansi alikuwa na kichanga, hakuweza kutoka nyumbani. Baba mkwe alikuwa amekwisha kufa. Benuwa alikuwa amekwenda Kasongo na baiskeli ya mchele. Na kwetu huku mgonjwa halali kituoni peke yake, lazima awe na gadimaladi wake, ndugu wa kukaa naye, kumpikia, kumwosha na kumwita munganga, yaani tabibu wa kituo. Hapakuwa na ndugu mwingine. Ukaja wewe, na sufuria na mkeka, na nilipokuona mlangoni nilitamani homa inimalize palepale.

Mimi ni mtoto wa mjini, Mama. Kwetu mambo haya ya wakwe yamelegea. Mama yangu hucheka na waume wa dada zangu na kuwatuma dukani. Lakini nilipokuja kuposa kwenu, wazee walinikalisha chini wakanieleza: mama mkwe humpi mkono, huli naye, humtazami machoni, huvui shati mahali anapopita, na ukimkuta njiani unaingia majanini mpaka apite. Nami nikaamua kuwaonyesha. Nilijua walikuwa wananong'ona kwamba vijana wa Kasongo hawana adabu. Nikawa mkali wa desturi kuliko wenyeji wenyewe. Siku moja niliingia majanini kukukwepa nikatoka na siafu mpaka kiunoni, na nasikia ulicheka nyumbani mpaka ukalia, ingawa mbele yangu hukuonyesha hata jino.

Pale kituoni, munganga Kalume alikuwa peke yake siku ile, na chumba cha pili kulikuwa na mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Alijaribu mshipa wa mkono wangu wa kushoto, nyuma ya kiganja, ukamkatalia. Akaiweka sindano mkono wa kulia, nyuma ya kiganja. Akatundika chupa ya serumu, yale maji ya mshipani, yenye kinini ya malaria, kwenye msumari ukutani, akakuonyesha kigurudumu kidogo kwenye mpira, jinsi kinavyofunga na kufungua, kisha akakuambia, "Mama, uchunge ile matone. Ukiona kama inaacha kutonya, uniite." Akakimbilia chumba cha pili.

Wewe ukatandika mkeka wako mlangoni, ukakaa ukinipa mgongo. Ndivyo ilivyotakiwa. Nami, nikiwa na homa ya kutetemeka na haya iliyozidi homa, nikavuta blanketi mpaka kidevuni, na mkono wenye sindano nikauingiza ndani ya blanketi ili usije ukageuka ukaona mkono mtupu wa mkwe wako. Mpira wa serumu ulishuka kutoka kwenye chupa ukaingia chini ya blanketi, na huko chini hakuna aliyejua kinachoendelea isipokuwa mimi.

Nililala vile, jasho likinitoka. Masikio yalikuwa yanavuma kwa kinini. Mvua ya mchana ilianza kupiga mabati. Kisha mkono ukaanza kuwaka, polepole kwanza, nikajiambia ndiyo dawa hiyo. Wewe unajua tulivyo, Mama. Kule Salamabila mtu akipigwa sindano isiyouma anarudi kugombana na munganga, anasema amepewa maji. Sisi sote tulikuwa tunaamini kwamba dawa inayounguza ndiyo yenye nguvu, na kwamba kadiri inavyounguza ndivyo ugonjwa unavyokimbia. Kwa hiyo kila mkono ulipozidi kuwaka nilifurahi kidogo, nikauma meno. Nilipoona vidole havikunjiki, nikasema vimelala tu. Tena nilikuwa na sababu nyingine kubwa zaidi, ambayo leo nikiikumbuka nacheka peke yangu: mkwe gani analia mbele ya mama mkwe? Habari ingefika kisimani kabla ya mimi kupona.

Hukuweza kunitazama mimi, lakini chupa haikuwa mkwe wako. Ulikuwa umeikodolea macho tangu mwanzo. Nikakusikia ukisema nayo, kwa ile sauti yako ya kuwasemesha vitu, "We chupa, mbona uko unachoka hivi?" Sikujibu, maana sikuitwa mimi. Baada ya kitambo ukasema tena, ukaongeza sauti kidogo, "Chupa, nakuuliza. Huko chini kuna mutu anaumia?" Hapo nilijua kwamba ni mimi. Nikaujibu ukuta, "Hapana. Iko sawa."

Hiyo ndiyo ilikuwa adabu yangu yote niliyojifunza, Mama. Mkono unaoza na mimi naujibu ukuta kwamba iko sawa.

Ukamwita munganga Kalume. Kutoka chumba cha pili akajibu kwamba anakuja, mtoto ameanza kutoka. Ukaita tena, hakujibu. Nikasikia ukisimama. Nikasikia kandambili zako zikija upande wangu, nikageuza uso ukutani nikafumba macho kwa nguvu, maana hatua zile hazikutakiwa kufika pale. Ukasimama karibu na kitanda. Ukasema, "Nisamehe, mukwe." Ukafunua blanketi.

Mimi mwenyewe sikuwa nimeutazama mkono wangu. Niliutazama pamoja na wewe. Ulikuwa umevimba tangu vidole mpaka juu ya kifundo, ngozi imekazwa inang'aa, na pale penye sindano palikuwa pameanza kuwa peupe vibaya. Uliugusa. Ngozi ilikuwa ya baridi kwa nje, wakati ndani nilikuwa naungua. Hukupiga kelele. Ulikigeuza kile kigurudumu kama ulivyoonyeshwa mpaka matone yakasimama, ukaushika mkono wangu kwa mikono yako yote miwili, ukauinua juu, na ndipo ulipomwita munganga kwa sauti ambayo nadhani hata mtoto aliyekuwa anazaliwa aliisikia.

Kalume alikuja na mikono bado ina maji. Aliangalia mara moja tu. "Sindano ilitoka mu mushipa," akasema. "Dawa yote hii iko inamwangika mu nyama." Akakusifu kwa kuifunga. Akaweka bomba kwenye sindano ileile akavuta alichoweza kuvuta, kisha akaitoa. Akataka kitu cha kuinulia mkono, ukafungua kitenge chako cha juu ukakikunja ukakiweka chini ya kiwiko changu. Akanigeukia mimi. Hakuwa mtu wa kugombeza wagonjwa, lakini siku ile aliniuliza, "Saidi, ilikuwa inakuunguza, na ulikuwa unanyamaza juu ya nini?" Wewe ukajibu kwa niaba yangu. "Juu yangu," ukasema. "Alikuwa ananiheshimia."

Munganga akaeleza kwamba kinini ikipita mshipani inachanganyika na damu na kwenda zake, lakini ikimwagika kwenye nyama inakaa palepale na kuila. Akasema chupa ile ilikuwa imebaki nusu, na kama yote ingeishia chini ya ngozi, asingeahidi mkono. Serumu mpya aliiweka kushoto, karibu na kiwiko, mahali mshipa ulipokuwa mnene. Na wewe hukurudi mlangoni. Ulivuta mkeka mpaka kitandani, ukakaa, ukaweka kiganja chako juu ya mkono wangu wa kushoto pale dawa ilipokuwa inaingia, ili baridi ikitokea uisikie mara moja. Ulikaa hivyo mpaka chupa ikaisha. Nililia, Mama. Nadhani ulijua, maana uliinamisha kichwa ukajifanya unasali rozari, na labda ulikuwa unasali kweli.

Malaria ilikwisha upesi kuliko mkono. Ngozi ya nyuma ya kiganja ilitoa malengelenge, kisha kipande kikawa cheusi, kikafunguka kidonda. Shangazi yake Esperansi alikuja na wembe na majani ya moto, akataka kunichanja ili ule uvimbe umwage maji yake. Ulisimama katikati ya mlango. Ulimwambia kwa heshima zote kwamba munganga amekataza kuchanja, na kwamba akitaka kumchanja mtu yuko Benuwa, ana afya nzuri. Shangazi aliondoka amenuna, na mimi ndani nilishukuru bila kusogea.

Halafu wazee. Habari ilikuwa imefika kwao kwamba mama mkwe amemfunua mkwe kitandani na kumshika, mchana kweupe, tena mbele ya mtu wa nje. Mjomba wa Esperansi akaitisha kikao. Akasema kuna haya iliyovunjwa, na ya kuitengeneza ni mbuzi, atoke kwako au kwangu. Nilikuwa tayari kumtafuta mbuzi huyo, ingawa sikujua nitamfungaje kamba kwa mkono mmoja. Wewe ulikuwa umekaa na wanawake. Hukusimama hata. Ulisema, "Nilishika mukono ya mutoto wangu aliyekuwa anaungua. Kama hiyo ni kosa, mulete mbuzi yenu mwenyewe, mimi nitaipika." Mjomba alikohoa, akauliza kama kuna mtu mwenye tumbaku, na kikao kikaisha hivyo.

Neno lile, mutoto wangu, nilikuwa sijawahi kulisikia kutoka kwako. Ninalo mpaka leo.

Kilichonishangaza ni kesho yake. Nilidhani kwa kuwa umenishika na kunitetea, sasa tutakuwa tunazungumza kama mama na mtoto. Nilitoka nje nikakukuta unapepeta, nikasimama nikitabasamu kama mjinga. Ukanipa mgongo. Ukamwambia kuku mmoja aliyekuwa karibu, "We kuku, mwambie mwenye kusimama hapo kwamba uji wake uko jikoni." Na tangu siku hiyo, miaka yote, ulizungumza nami kupitia kuku. Mwanzoni iliniuma kidogo. Baadaye nilielewa kwamba heshima ile uliipenda, hukuona ubaya wowote ndani yake. Ulichokataa ni kwamba mtu aungue kwa ajili yake. Uliivunja ilipohitajika, ukaiokota, ukaipangusa, ukaendelea nayo. Mimi nisingeweza kufanya hivyo. Ningeivunja yote au ningekufa nayo.

Kidonda kilipoanza kufunga, vidole vilikuwa vimekauka, haviendi wala havirudi. Kalume alisema lazima vifanye kazi la sivyo vitabaki vimepinda. Nilijaribu kuvikunja nikaona nyota. Nikaacha. Asubuhi moja nikakuta kikapu cha karanga mlangoni pangu, na wewe unamweleza kuku, "Hizi zimenywe leo zote. Na si kwa meno." Nilimenya. Nilidhani unanitumikisha, nikasema moyoni huyu mama amepata kibarua cha bure. Kila nilipomaliza kikapu kulikuwa na kingine, na kuku aliambiwa. Nilizimenya na Zawadi akiwa amelala kifuani kwangu, maganda yakimdondokea kichwani. Mpaka siku moja nilivunja ganda kwa kidole gumba na cha shahada bila kufikiri, nikaendelea, na ndipo nilipogundua nimefanya. Uliona. Hukumwambia kuku neno, lakini ulikwenda jikoni ukiimba.

Kwa mkono huo nimejenga maisha, Mama. Nimefungua injini ambazo wenye nazo walikuwa wamezitupa. Nimeshona viti vya moto, nimechomelea, nimewabeba watoto wako wa kike na wa kiume wakiwa wamelewa na wakiwa wagonjwa. Nyuma ya kiganja kuna kovu pana, laini, lisiloota nywele, na wateja huniuliza kama ni la mafuta ya injini. Nawaambia ni la mama mkwe. Wanacheka wakidhani nimetania. Esperansi husema ndiyo sehemu pekee ya mwili wangu anayoiamini.

Ulipoanguka shambani, msimu huu wa mvua uliopita, Benuwa alikuleta Kasongo kwa moto, ukiwa umefungwa kwake kwa kitenge usianguke. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umelala na maneno yalikuwa yanatoka kwa shida. Tulipokezana kukulinda, Esperansi na mimi. Watu wa kwenu walishangaa mkwe kuwa gadimaladi wa mama mkwe, lakini hakuna aliyethubutu kumtaja mbuzi. Nilikaa nikikupa mgongo, kama ulivyonifanyia, na niliitazama chupa.

Wauguzi walihangaika kupata mshipa wako. Mishipa yako ilikuwa imechoka, inakimbia sindano. Wakaupata mmoja kwenye mkono ule uliokuwa bado na uhai. Nikaitazama chupa, na matone yalikuwa yanakwenda vizuri, nami nikawa na amani. Ndipo nilipokusikia nyuma yangu, neno moja moja, ukisukuma kila moja kwa ulimi mzito. "Mukwe. Hapa hakuna kuku. Mukono iko nauma."

Niligeuka. Nilikutazama usoni, mara ya kwanza nadhani, na ulikuwa unanitazama. Uvimbe ulikuwa mdogo, ndio kwanza ulianza, maji matupu ya serumu yaliyokuwa yametoka nje ya mshipa. Mwuguzi alikuja akabadilisha, na uvimbe ukanywea bila kuacha alama. Jambo dogo hospitalini, wanaliona kila siku. Lakini mimi sijawahi kupewa zawadi kubwa kuliko ile. Wewe uliyeishika heshima yako miaka yote kwa kuku na kwa mgongo, ulipoumia uliniambia mimi. Hukumngoja binti yako arudi sokoni. Hukuogopa kwamba nitakuona dhaifu. Nilikaa nimeweka kiganja juu ya mkono wako mpaka Esperansi aliporudi, na nilikuwa na furaha ambayo sijui niiiteje, maana ilikuwa imekaa pamoja na huzuni kwenye kiti kimoja.

Ulituacha muda mfupi baadaye, asubuhi, ugonjwa wako wenyewe ukiwa umekushinda. Mkono wako ulikuwa mzima. Nimejifariji na hilo zaidi ya ninavyoweza kueleza.

Asante, Mama. Asante kwa kuutazama ule mkono wakati desturi ilikuruhusu usiutazame. Asante kwa karanga. Asante kwa kumwambia munganga kwamba nilinyamaza kwa kukuheshimu, wakati ungeweza kumwambia kwamba mkwe wako ni mpumbavu, na usingekuwa umekosea sana. Nimekukosa kuliko nilivyotegemea. Nimezoea kukohoa nikifika uani kwako, na bado nakohoa.

Kuna habari moja ya mwisho, nayo ndiyo kubwa. Zawadi amepata mchumba. Ni kijana wa Kabambare, mpole, anaendesha moto, na amenipa heshima ya kuniletea moto yake niitengeneze ili nimjue kabla ya kuposa. Anamwogopa Esperansi kuliko anavyoogopa askari wa vizuizi vya barabarani. Juzi aliunguzwa mguu na bomba la moshi hapa gerejini, ngozi ikatoka, na Esperansi alipopita kijana akasimama wima akasema yuko sawa kabisa, jasho likimtiririka. Nilimtazama nikakaa chini juu ya kopo la mafuta.

Kwa hiyo nakuahidi. Siku ya posa wazee wakimaliza kumfundisha namna ya kuinamisha macho, namna ya kupita pembeni na mahali pasipofaa kuvua shati, nitaomba kusema, mimi mkwe wa nyuma nyuma. Nitamwambia ayashike yote waliyomwambia, maana ni mazuri. Kisha nitamwambia mbele yao wote kwamba siku atakayoumia katika nyumba hii, atasema. Atasema hata kama aliye karibu ni mama mkwe wake peke yake. Nimekwisha kumweleza Esperansi kwamba nitasema hivyo, nikaogopa kidogo atakavyojibu, maana yeye ndiye atakayekuwa mama mkwe. Alikuwa anafunika sufuria. Hakugeuka.

"Aseme tu," akaniambia. "Nitamushika."

Pumzika vizuri, Mama.

Mtoto wako,
Saidi